Shajara ya kiti cha Fledermaus: tufe la nne

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo nimekipata. Tangu Oktoba, kila Jumamosi alfajiri nimekuwa nikishuka Kettenbrückengasse, kwenye soko la vitu vikuukuu linalopangwa ubavuni mwa Naschmarkt hapa Vienna, na kila mara nikirudi mikono mitupu. Leo, chini ya meza ya muuza vyombo vya shaba, palikuwa na kiti cheupe kimelazwa ubavu. Kimepakwa rangi ya mafuta, nzito kama ya madirisha, inayobanduka magamba magamba. Kilichonishika jicho ni tufe: tufe la mbao lenye ukubwa wa ndimu, limejibana kwenye pembe kati ya mguu na fremu ya kikalio. Nikapiga magoti, nikahesabu. Nyuma mawili, mbele kulia moja. Mbele kushoto hakuna kitu, ila kipande cha chuma kilichokunjwa na kupigiliwa skrubu mbili.

Nikalipa, nikakibeba begani hadi kwenye treni ya chini ya ardhi. Ni chepesi kuliko kinavyoonekana. Nyumbani nikakiweka katikati ya sebule, juu ya magazeti, nikakaa sakafuni kukitazama mpaka chai ikapoa.

Kwa asiyekijua: hiki ni kiti cha Fledermaus, mfano namba 728 wa kiwanda cha Jacob & Josef Kohn, na mbunifu wake ni Josef Hoffmann. Fledermaus ni popo. Ndilo lilikuwa jina la kabareti iliyofunguliwa mwaka 1907 kwenye chumba cha chini ya ardhi, pembeni mwa Kärntner Straße, ukumbi wa muziki, mashairi na ngoma. Hoffmann na wenzake wa Wiener Werkstätte, karakana ya ubunifu ya hapa Vienna, walibuni kila kilichokuwemo, kuanzia vigae vya ukutani mpaka vyombo vya mezani. Ukumbi ulidumu hadi 1913 tu, lakini viti vyake, vyeusi kwa vyeupe, vimebaki machoni mwa watu hadi leo.

Mpango wangu nauandika leo ili baadaye nijue nilikoanzia: kung'oa rangi yote, kukereza tufe la nne, kisha kukipaka nyeusi na nyeupe kama vile vya kabareti.

Jumapili, 12 Januari

Kinalia. Nilikikalia kwa tahadhari, nikaegemea, kikatoa mlio. Nikarekodi kwa simu, nikamtumia baba mdogo aliye Tanga. Yeye ni mkereza. Miguu ya samadari aliyoitoa kwenye mashine yake imeenea Pwani nzima, na mimi useremala nilianza kwa kufagia vumbi lake.

"Shikamoo, Baba mdogo. Sikiliza hiki kiti, tafadhali."

Jibu lilikuja baada ya swala ya adhuhuri. "Marahaba, mwanangu. Hapo kuna milio miwili. Ule mkavu ni skrubu imelegea, huo usikutishe. Lakini kuna mwingine unakokota chini yake. Hiyo ni mbao imechanika. Usikikalie tena mpaka uione."

Nikakipindua, nikapitisha tochi karibu kabisa na mguu wa mbele kushoto. Kweli. Nyuma ya kile chuma kuna ufa mwembamba kama unywele, unaoshuka na nyuzi za mbao kwa sentimita 11, na rangi nyeupe imeingia ndani yake. Maana yake ulikuwepo kabla ya rangi. Aliyepaka aliuona, akaufunika.

Ufa huu umenieleza kazi ya tufe kuliko kitabu chochote. Watu wengi hudhani matufe haya ni urembo, kama vishaufu. Lakini ukiegemea kiti, mguu unataka kuikunja au kuifungua ile pembe yake na kikalio. Tufe limejaa kwenye pembe, linagusa fremu kwa juu na mguu kwa ubavu, basi nguvu inapita ndani ya mbao nene na kusambaa. Michael Thonet, mwasisi wa viti vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, kwenye kiti chake namba 14 cha mwaka 1859, alilitatua tatizo hilohilo kwa pete ya mbao inayozunguka miguu yote minne kwa ndani. Hoffmann akaiondoa pete, akabakisha nukta nne. Aliyeweka chuma hapa aliona mahali ni palepale, akadhani kazi ni ileile. Chuma kimezibebesha nguvu yote tundu mbili za skrubu, moja juu ya nyingine, kwenye mstari mmoja wa nyuzi. Mbao ikafuata mstari.

Jumanne, 14 Januari

Mhuri! Upande wa ndani wa fremu ya kikalio, chini ya rangi, kidole kilihisi mabonde. Nikapitisha kisu cha mfupa polepole, herufi zikajitokeza zimechomwa kwenye mbao: J. & J. KOHN, na chini yake TESCHEN AUSTRIA. Sentimita chache kutoka hapo kuna mabaki ya lebo ya karatasi, robo yake labda, rangi ya chai.

Teschen haiko tena Austria. Mwaka 1920 mji wenyewe uligawanywa kwa kufuata mto, upande mmoja Poland, wa pili Chekoslovakia. Kiti kimebaki kikitaja nchi ambayo kiwanda chake hakimo tena.

Mhuri unasaidia pia kukadiria umri. Kohn waliungana na kampuni ya Mundus mwaka 1914, na Thonet naye akaingia humo miaka ya 1920. Alama ya Kohn peke yake, juu ya mfano wa 1907, inanielekeza kwenye miaka saba ya katikati. Jina la Hoffmann halimo popote, na wala sikulitarajia. Kohn waliuza kiti kwa namba. Ndiyo maana kwenye minada ya hapa kila kiti cha Kohn chenye tufe hupewa jina la Hoffmann kwa haraka, wakati kiwandani walikuwapo wachoraji wengine wazuri, kama Gustav Siegel, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa Hoffmann. Namba 728 inajulikana, nashukuru. Kuna viti vingine ningeandika "inasemekana" na kuishia hapo.

Jumapili, 26 Januari

Siku nzima MAK, jumba la makumbusho ya sanaa za matumizi pale Stubenring. Hapa ndipo kumbukumbu za Wiener Werkstätte zimehifadhiwa tangu 1955, michoro kwa maelfu. Nilikaa zaidi kwenye vyumba vya Vienna ya 1900.

Nataka niandike kidogo kuhusu mtu mwenyewe, maana kumrudishia mtu kiti bila kumjua naona si adabu. Hoffmann alizaliwa tarehe 15 Desemba 1870 huko Pirnitz, Moravia, mji ambao leo ni Brtnice ya Jamhuri ya Cheki. Alisoma kwa Otto Wagner, na mwaka 1897 alikuwa miongoni mwa waliojitenga na chama cha wasanii cha Vienna wakaanzisha Secession. Mwaka 1899 akawa mwalimu. Mwaka 1903 yeye, Koloman Moser na mfanyabiashara Fritz Waerndorfer wakafungua Wiener Werkstätte, karakana ya mafundi wa fedha, ngozi, mbao na vitambaa, ambako jina la fundi liliheshimiwa sawa na la mchoraji: kitu kilipigwa alama ya aliyekibuni na ya aliyekitengeneza. Hilo la pili ndilo lililonifanya nimpende Hoffmann kabla sijaona kiti chake hata kimoja. Nimefanya kazi miaka kumi na minne kwenye samani za watu, na fundi aliyekata viungo vyake simkuti ameandikwa.

Lakini karakana ile ilikuwa ghali mno. Waerndorfer alitia mali yake yote humo na kwenye kabareti, akafilisika, mwaka 1914 akahamia Marekani. Wenyewe Wiener Werkstätte walifunga mwaka 1932. Wateja wao walikuwa watu kama Adolphe Stoclet, aliyejengewa na Hoffmann jumba zima Brussels kati ya 1905 na 1911, marmari nje, kazi ya mchoraji Gustav Klimt kwenye kuta za chumba cha kulia.

Kiti changu kimetoka upande wa pili wa Hoffmann, ule usiosimuliwa sana. Alipomchorea Kohn alikuwa anachorea mvuke, kalibu na mashine, na watu wa kawaida wenye mkahawa au sebule. Walimwita Quadratl-Hoffmann, Hoffmann wa vimiraba, kwa jinsi alivyoweka miraba kwenye kila kitu, vikapu vya fedha, vitasa, vitambaa. Mbao ya kupinda haikubali mraba kirahisi. Inakubali mviringo. Basi akauendea mviringo mpaka mwisho wake: tufe. Lilikuwepo tayari kwenye viti vya ukumbi wa kulia wa sanatorio, nyumba ya tiba na mapumziko, ya Purkersdorf, nje kidogo ya Vienna, aliyoijenga 1904 na 1905. Lilikuwepo kwenye kile kiti cha kuegemea, namba 670, kinachoitwa Sitzmaschine, mashine ya kukalia: safu ya matufe madogo nyuma ya mikono ndiyo inayozuia ufito unaoshika egemeo, ukitaka kulala zaidi unaushusha tufe moja. Ukiyatoa matufe yale egemeo linaanguka.

Adolf Loos, msanifu majengo aliyekuwa hasimu wa Hoffmann kwa maneno na kwa kalamu, naye alifanya kazi na Kohn: kiti cha Café Museum cha 1899, fito zake si mviringo kamili bali zimebonyea kama yai ili mbao iwe nene pale tu inapobeba. Namheshimu Loos. Lakini leo, nimesimama kwa mlinzi aliyekuja mara mbili kuniomba nisogee nyuma, moyo wangu ulikuwa upande wa tufe.

Jumamosi, 8 Februari

Majaribio ya rangi. Kwanza risasi: rangi nyeupe za mafuta za zamani mara nyingi zina madini ya risasi. Nilinunua vijiti vya kupimia, nikasugua pale palipobanduka, ncha ikageuka nyekundu papo hapo. Basi hakuna msasa mkavu, hakuna kupuliza moto. Barakoa yenye kichujio, glavu, kitambaa chenye unyevu, na kila gamba linaingia kwenye mfuko wa kufungwa.

Halafu nikazima taa, nikawasha ile ya mwanga wa zambarau. Kwenye kila jeraha la rangi, mbao ilitoa mng'ao wa rangi ya chungwa. Nilikaa kimya. Mng'ao huo ni wa shelaki, utomvu wa mdudu wa kutoka India ambao mafundi wa Ulaya waliuyeyusha kwenye spiriti na kupolishia samani. Pamba yenye tone la spiriti ikathibitisha: chini ya dakika moja ilikuwa na wekundu. Wala si shelaki tu. Chini yake mbao imetiwa rangi ya mahogani, nyekundu nzito, kama damu ya mzee.

Kwa hiyo chini ya kiti cheupe kuna kiti chekundu, na polishi yake ya kwanza bado ipo.

Jumapili, 16 Februari

Wiki nzima nimekuwa nikibishana na mpango wangu wa Januari. Kile nilichotaka, nyeusi na nyeupe, ndicho watu wanachokijua na ndicho kinachopendeza kwenye picha. Lakini kiti hiki hakijawahi kuwa kabareti. Kohn walikiuza namba 728 madukani, kikiwa na rangi za kawaida za mbao, kwa yeyote mwenye fedha, na huyu ni mmoja wa hao. Nikikipaka nyeusi na nyeupe nitakuwa nimekipa kumbukumbu isiyo yake, na polishi iliyongoja chini ya rangi kwa miaka mingi itakuwa imeishia kwenye pamba zangu.

Nimebadili mpango. Rangi nyeupe itoke, shelaki ibaki.

Hapo kazi imekuwa ngumu mara kumi. Dawa ya kuyeyusha rangi ingeyeyusha na polishi. Bahati ni kwamba rangi ya mafuta haikushika vizuri juu ya shelaki. Mtu hakuiparuza kabla ya kupaka, uvivu wake umetuokoa. Unailowesha kidogo, unaingiza ubapa wa kisu kidogo chini ya gamba, unasukuma kwa kulala, na inapokubali inaruka nzima kama ganda la yai la kuchemsha. Isipokubali unaiacha, unasogea pengine. Mguu mmoja umenichukua jioni mbili.

Jumapili, 2 Machi

Rangi imetoka yote, isipokuwa kwenye matundu ya misumari. Kikalio cha ngozi bandia nimekivua. Chini yake kuna vizazi vitatu vya misumari midogo. Hakuna matundu ya kusukia henzirani, kwa hiyo tangu mwanzo hakikuwa cha kusuka.

Leo nimekifungua. Skrubu mbili zilikuwa zimeota kutu zikagoma. Nilizipasha kwa ncha ya chuma cha kulehemu waya, dakika mbili kila moja. Chuma kikavimba, kutu ikaachia, bisibisi ikazunguka. Viti hivi vilizaliwa kwa ajili ya kufunguliwa. Thonet alikuwa akisafirisha namba 14 kikiwa vipande sita vya mbao na skrubu, viti 36 kwenye kasha la mita moja kila upande. Ulinzi wa hataza ya Thonet, haki ya pekee ya kutumia uvumbuzi wake, ulipoisha mwaka 1869, njia hiyohiyo ikawa wazi kwa Kohn pia.

Fremu ya kikalio nimeishika mkononi peke yake kwa mara ya kwanza. Ni ufito mmoja wa Buche, mti wa misitu ya huku, uliozungushwa ukarudi kujishika mkia. Ukifuata nyuzi kwa kidole unazunguka duara zima bila kukatwa njiani, mpaka kwenye kiungo cha kupishana kilichochongwa mshazari, kirefu kama kiganja. Hakuna msumeno unaoweza kukupa hivyo. Ukikata duara kwenye ubao, nyuzi zinakatika pande mbili na hapo ndipo patakapovunjika.

Siri yake ni utepe wa chuma. Mbao iliyopikwa kwa mvuke inakubali kubanwa sana lakini inakataa kuvutwa: ikirefuka zaidi ya asilimia 2 hivi, inapasuka upande wa nje. Michael Thonet alifunga utepe wa chuma upande huo wa nje, akauzuia kichwa na mkia. Ufito unapopindwa, nje hakuna pa kurefukia, basi ndani ndiko kunajikunja na kujibana. Ukikauka ndani ya kalibu, umbo limebaki. Nimepima kwa jicho la kukuzia upande wa ndani wa kona: nyuzi zimejikunja vimikunjo vidogo mno, kama ngozi ya kiwiko. Zimekaa hivyo zaidi ya miaka mia.

Jumapili, 9 Machi

Ramadhani imetukuta kazini. Nafanya kazi asubuhi, mkono ungali imara. Baada ya alasiri siigusi mashine.

Nimemweleza baba mdogo kuhusu tufe. Nilimpa vipimo: kipenyo milimita 44, uso wa juu umekatwa bapa pale linapogusa fremu, ubavu umechongwa kidogo ukaufuata mguu. Akauliza jambo moja tu, ambalo mimi sikulitazama. "Nyuzi zimesimama au zimelala?"

Nikaenda kuangalia. Zimesimama, yote matatu, sambamba na mguu.

Jumamosi, 15 Machi

Tufe la kwanza limepasuka. Naandika jinsi lilivyokuwa. Nilikata kipande cha Buche kikavu kutoka mguu wa meza ya kazi iliyokufa, milimita 50 kila upande, na kwa kuokoa mbao nikakiweka nyuzi zikilala, ingawa nilikuwa nimeshaambiwa. Lilitoka zuri. Nilipoingiza skrubu, mlio mdogo, na mstari ukafunguka kutoka tundu mpaka ukingoni. Nimelihifadhi kwenye droo.

La pili nilikereza nyuzi zikiwa zimesimama. Njia ya kuhakikisha tufe ni tufe nilifundishwa na baba mdogo nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa kipande cha bomba la maji. Unachukua bomba lenye kinywa kidogo kuliko tufe, unakinoa kinywa kikae sawasawa, unaligandamiza bomba juu ya tufe na kulizungusha. Tazama dhidi ya mwanga. Pakiwa na bonde mwanga unapita, pakiwa na kilima bomba linacheza. Ukiligeuza kila upande na mwanga usipite popote, umefika. Nilitumia bomba la shaba la milimita 28. Lilichukua saa moja na nusu kutoka mche mpaka duara, na nusu saa nyingine kwa zile nyuso mbili bapa, kwa tupa, nikijaribu na kurudi, nikipaka mkaa kwenye mguu ili nione panapogusa.

Liliponasa mahali pake, kabla ya gundi wala skrubu, lilijishika lenyewe. Nikatoa mkono, likabaki.

Jumapili, 23 Machi

Ufa. Gundi ya ngozi, iliyolowekwa usiku kucha na kupashwa hadi nyuzijoto 60, nikaisukuma kwa sindano isiyo na ncha mpaka ikatokea upande wa pili. Nimechagua gundi hii kwa sababu ndiyo ya zama zake, na kwa sababu fundi atakayekuja baada yangu ataweza kuifungua kwa joto na unyevu. Nikaufunga mguu kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, nikiuvuta kila mzunguko. Klampu zinabana mahali pamoja. Mpira unabana kila mahali. Matundu mawili ya kile chuma nimeyaziba kwa vijiti vya Buche, nyuzi zikifuata za mguu.

Kile chuma nimekitia kwenye bahasha na tarehe. Kimo katika historia ya kiti, hata kama kilikiumiza.

Jumapili, 6 Aprili

Idi imepita, nguvu zimerudi. Kiti kimesimama tena kwa miguu yake minne.

Polishi nimegusa pale tu palipo wazi: ukingo wa juu wa egemeo, ambako mikono ya watu imekula shelaki hadi kwenye mbao, na ncha za miguu. Bonge la sufu ndani ya kitambaa cha kitani, shelaki nyembamba, tone la mafuta lisinate, mizunguko midogo bila kusimama. Ukisimama, kitambaa kinashika na kung'oa ulichojenga. Kila siku tabaka chache, halafu kupumzika. Kwenye egemeo nimeacha ule wororo wa mikono. Ningeweza kuujaza uwe sawa na pengine, lakini hapo ndipo watu walipoushika kila walipovuta kiti kukaa, na mtu akikivuta leo mkono wake unaenda palepale wenyewe.

Kikalio nilimpelekea mama mmoja mpambaji, jirani yangu wa karakana: kanda za katani, gunia, singa za farasi, kitambaa cheusi kisicho na maua. Alikataa kupigilia msumari mpya hata mmoja kwenye ukingo uliochoka. Alipachika kila kitu kwenye fremu nyembamba inayokaa juu na kutoka kwa mkono. Kazi safi kabisa.

Tufe jipya nimelitia rangi ya mahogani mara tatu. Ukilitazama kwa mbali huoni tofauti. Ukipiga magoti unaona: ni jepesi wa rangi kidogo, halina ule weusi uliojikusanya karibu na fremu kwenye mengine. Sikutaka kuuigiza.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimekikalia. Nilianza mbele, nikarudi nyuma, nikaegemea kwa uzito wote, nikahamia kushoto juu ya ule mguu. Nikarekodi kama mara ya kwanza, sekunde ishirini, nikamtumia baba mdogo.

Akapiga simu badala ya kuandika.

"Mwanangu, umenitumia nini? Mbona sisikii kitu?"

"Ndicho kiti, Baba mdogo. Nimekikalia."

Alinyamaza kidogo. Nikasikia mashine yake inazimwa huko nyuma. "Hebu nipe tena, niweke sikioni vizuri."

Kwenye uso wa juu wa tufe la nne, ule unaogusa fremu na usioonekana mpaka kiti kifunguliwe, kabla ya kulifunga nilikuwa nimeandika kwa penseli: *mbele kushoto, jipya, Vienna 2025*, na majina mawili, langu na la aliyeuliza nyuzi zimesimama au zimelala.